Magunia Sita Mbele ya Swichi

Kabla ya masika yale, mtu wa kijiji cha Vudee akitaka kutoa mfano wa mwaminifu alimtaja Ernesta wa mashine. Debe lake la kupimia halikuwa na kibonyeo hata kimoja. Mtoto wa miaka saba akitumwa na mahindi ya nyumbani, alirudi na unga wote, na pumba zake pia kama mama yake alizitaka. Ernesta alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane wa mwalimu, mzee wa kanisa katika usharika. Mwanawe wa kwanza, Hezroni, anafanya kazi Dodoma, kwa hiyo wengi humwita Mama Hezroni.

Mashine yenyewe aliachiwa na mumewe. Wakati ule ilikuwa ya dizeli, ikipiga kelele mpaka mabonde ya chini, na moshi wake ulizifanya nguo zake zote zinuke. Umeme ulipofika kijijini, Ernesta aliuza injini ya zamani akanunua mota. Watu walikuja siku ya kwanza kusikiliza tu, wakashangaa kwamba mtu anaweza kusaga na bado mkasalimiana bila kupaza sauti.

Aliyeiendesha alikuwa Majaliwa. Alitoka upande wa Kigoma, akaja kukata mkonge kwenye shamba moja kule tambarare, na mkataba ulipoisha akapanda mlimani na lori la mnunuzi wa tangawizi akiwa mpakizi. Lori lilishuka bila yeye. Kwa Ernesta alikuwa amekaa miaka tisa. Alioa Fadhila, binti wa Same mjini, wakapanga vyumba viwili karibu na shule. Kila Ijumaa saa sita Ernesta alizima mashine mwenyewe ili Majaliwa ashuke msikitini, na wateja walikuwa wamezoea hivyo. Hakuwahi kumpandishia sauti. Ukimuuliza, angekuambia Majaliwa ni kama mwanawe, na angeamini anachosema.

Mwezi wa tatu mwishoni mvua zilianza vizuri, na ukungu wa mlima Shengena ukashuka ukakaa. Ndipo mashine ilipoanza kuzimika yenyewe. Ukutani, kwenye kona, kulikuwa na swichi kuu, na ndani ya kisanduku chake breka nyeupe ambayo kazi yake ni kukata umeme ukianza kuvuja mahali usipotakiwa. Breka hiyo ilikata mara moja asubuhi, ikakata mara mbili mchana, na kufikia Alhamisi ilikuwa inakata kila baada ya debe moja. Majaliwa aliirudisha, ikakata tena. Foleni ilifika barabarani. Wanawake wawili walijitwisha mahindi yao wakavuka kwenda mashine ya ng'ambo ya pili, na Ernesta aliwatazama migongo mpaka walipopotea kwenye migomba.

Akampigia simu Loth, fundi umeme wa Same mwenye leseni, ambaye ndiye aliyeifunga ile mota tangu mwanzo. Loth alipanda na pikipiki, akafika amelowa mpaka kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Loth. Hiki kidubwana kinanitesa. Kinakata kila saa."

Loth alizima umeme, akafungua mota, akachutama pale nusu saa. Kisha akamwita Ernesta aje aone. Waya unaoingia kwenye mota ulikuwa umesuguliwa na ukingo wa chuma kwa mtikisiko wa miaka mingi, ganda limechubuka, shaba inaonekana. Juu yake bati lilikuwa linadondosha maji.

"Umeme unavujia kwenye chuma cha mashine," alisema. "Breka inakata kwa sababu inauona. Na nondo ya ethi kule nje, ile inayopeleka umeme ardhini ukivuja, imeoza. Nimeitikisa imetoka mkononi kama jino la mtoto."

"Sasa tunafanyaje?"

"Mashine isimame. Nashuka Same leo kununua waya na nondo mpya. Keshokutwa napanda, tunamaliza."

"Keshokutwa ni Jumamosi, na kuna harusi mbili. Huwezi kuiruka hiyo breka kwa siku mbili tu?"

Loth alikifunga kisanduku polepole. "Hilo silifanyi, mama. Na usikubali mtu akufanyie."

"Sawa, mwanangu. Nimekusikia."

Loth aliondoka saa nane mchana. Saa tisa Ernesta alikuwa amesimama kibandani kwa Chande, mtengenezaji wa redio na simu pale senta, akimweleza kwamba anataka breka irukwe. Chande alikuja na bisibisi na kipande cha waya mwekundu. Aliuunga waya huo ili umeme upite bila kupitia breka, na haikuchukua dakika kumi. Mashine iliwaka, ikasaga mpaka jioni bila kukata, na Ernesta akampa Chande chai na kiazi kikuu. Majaliwa alikuwa pembeni akizifunga roba za unga. Aliona kila kitu, na hakuulizwa.

Asubuhi ya pili Ernesta alimpigia Loth. "Usipande kwanza. Imetulia. Tungoje masika yaishe."

Loth akauliza, "Imetuliaje?"

"Imetulia tu."

Tangu siku hiyo mashine ikaanza kung'ata. Haikuwa kila wakati. Siku za jua hukusikia kitu. Siku za mvua, ukigusa mdomo wake wa bati pale mahindi yanapomiminwa, ulihisi kama sindano nyingi zinakutembea mpaka kwenye kiwiko. Wanawake walicheka. "Leo imeamka na njaa," walisema, wakawa wanayasukuma mahindi kwa kijiti badala ya mkono. Eliakunda, jirani wa Ernesta tangu wote wawili walipoolewa pale, aling'atwa siku moja akamwaga nusu debe chini, na wote wakacheka, Eliakunda mwenyewe akiwa wa kwanza.

Majaliwa hakucheka. "Mama," alisema jioni moja wakifagia, "mashine inang'ata."

"Vaa ndala, usisimame na miguu mitupu."

Baada ya siku chache akarudia. "Mama, ile mashine. Leo imenishika kidogo."

Ernesta akamletea ubao wa mninga wa kusimamia. Mara ya tatu Majaliwa hakusema mengi, alimwonyesha tu kiganja, ingawa hakikuwa na alama. Jumatatu Ernesta alishuka Same sokoni akamnunulia buti za mpira, nyeusi, ndefu mpaka magotini. Majaliwa alizipokea kwa mikono miwili akashukuru. Hakulitaja tena. Na Ernesta, hili ndilo linalomchoma hata leo akilikumbuka, Jumapili iliyofuata alizitaja zile buti kwenye kikao cha akina mama baada ya ibada, walipokuwa wanazungumzia namna ya kuwatunza watu wa kazi. Wenzake walimpigia makofi.

Ilikuwa Jumanne ya mwisho ya mwezi wa nne, saa nne asubuhi, mvua inanyesha. Ndani walikuwa wateja watatu, Eliakunda akiwa mmoja wao. Ernesta alikuwa mezani karibu na dirisha. Mnunuzi wa pumba kutoka Mwanga alikuwa hajaja kwa wiki mbili kwa sababu ya utelezi, kwa hiyo magunia yalikuwa yamejaa chumbani. Ernesta ndiye aliyeamua yapangwe kwenye kona, maana kwingine bati lilikuwa linavuja. Yalipangwa sita, matatu chini na matatu juu, yakaziba swichi kuu kabisa. Majaliwa alikuwa amesema, "Swichi haitafikika," naye akajibu, "Tunazima kwenye stata, swichi kuu ya nini?" Stata ni ile ya kuwashia na kuzimia, nayo ilikuwa imefungwa kwenye mwili wa mashine.

Majaliwa alikuwa amesimama kwenye ubao, na buti zake. Mahindi yaliyolowa yaliganda mdomoni mwa mashine. Akainua mkono wa kulia kuyasukuma, na ili asiteleze, akashika kwa mkono wa kushoto fremu ya chuma ya mlango wa nyuma, ambayo miguu yake imechimbiwa kwenye udongo wa nje.

Hakupiga kelele. Ndiyo maana kwa muda kidogo hakuna aliyejua. Eliakunda ndiye aliyeona kwamba mkono hautoki, na kwamba uso wa Majaliwa umegeukia upande mmoja, meno yameumana, na mwili wote unatetemeka pamoja na mashine. Umeme ulikuwa unaingilia mkono wa kulia unatokea wa kushoto. Buti na ubao havikuwa na kazi yoyote katika jambo hilo.

"Msimguse," Eliakunda alisema. "Mama Hezroni, zima."

Ernesta alikimbilia kwenye stata. Alipobakiza urefu wa mkono mmoja kuifikia akakumbuka kwamba stata iko kwenye chuma kile kile, akarudi nyuma. Akageukia kwenye kona. Akavuta gunia la kwanza, likaanguka. Akavuta la pili. La tatu lilikuwa limeshikana na ukuta, akalivuta kwa kucha. Nyuma yake mashine ilikuwa inasaga hewa. Ya chini yalikuwa mazito zaidi kwa sababu yalikuwa yamenyonya maji ya sakafuni, na ilimlazimu kupanda juu yake kwa magoti, akanyoosha mkono, akaipata swichi, akaivuta chini.

Majaliwa alianguka chali, kichwa kikikosa ubao kwa inchi chache. Eliakunda alimlaza ubavu akamsikiliza kifuani. Alikuwa anapumua. Kiganja cha kulia kilikuwa cheupe na cheusi, na chumba kikanuka harufu ambayo Ernesta hataki kuieleza.

Walimpakia kwenye pikapu ya mwalimu mkuu, Fadhila akiwa amekishika kichwa chake mapajani, Ernesta akiwa kando na kanga imejaa pumba. Barabara ya kushuka Same ni ndefu mtu akiwa anaugulia. Majaliwa hakuugulia sana. Alitazama turubai juu.

Hospitalini daktari kijana alikuja na karatasi zake. Alimchunguza, akaagiza dawa, kisha akauliza, "Ilikuwaje?"

Ernesta alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda. Alikuwa amejiandaa njia nzima kwa swali hilo. Majaliwa akajibu kabla yake.

"Nilishika mashine na mikono iliyolowa," alisema. "Ni mimi mwenyewe."

Daktari aliandika. Halafu akamwangalia Ernesta, kama mtu anayengoja kuthibitishiwa.

"Huwa namwambia," Ernesta alisema.

Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kunyamaza, na kunyamaza kungekuwa kubaya vya kutosha. Maneno yale mawili yalimtoka kwa sauti yake ya kawaida, sauti ya mama anayesikitika, na daktari akaitikia kwa kichwa akaendelea kuandika. Fadhila aliinua macho akamtazama Ernesta, akayashusha tena.

Baada ya siku nne vidole viwili vya Majaliwa, cha kati na cha pete, vilikatwa. Daktari bingwa alisema ana bahati, kwamba moyo ungeweza kusimama.

Kijijini habari ilikwishafika, na ilikuwa ile aliyoisema Majaliwa. Watu walikuja kwa Ernesta kumpa pole. Walimletea ndizi na maziwa kana kwamba yeye ndiye mgonjwa. "Watu wa kazi hawasikii, Mama Hezroni," walimwambia. "Wewe ulimnunulia mpaka buti." Kanisani jina la Majaliwa lilitajwa kwenye maombi, na lake likatajwa pia, apewe nguvu. Aliinamisha kichwa kama wengine. Aliporudi nyumbani alipika makande akashindwa kuyala, akayafunika, akakaa analitazama lile sufuria mpaka jua likaondoka jikoni.

Alimwita Loth. Alijiambia anamwita kwa ajili ya usalama, lakini alikuwa amesikia kwamba ofisa wa wilaya atakuja kukagua. Loth alipanda na waya mpya na nondo mpya. Alifungua kisanduku cha swichi na kukuta kipande cha waya mwekundu. Kisha akakichomoa, akageuka, akakiweka mezani mbele yake, juu ya daftari.

"Nilikuambia, mama."

"Uliniambia."

"Siku ile uliponipigia nilijua. Nilipaswa kupanda siku ile ile. Nimelala nalo hilo." Alikuwa hajamwambia hata shikamoo. "Sitakwenda kukusema kwa mtu. Lakini akija mtu kuniuliza, sitadanganya."

Alifanya kazi yake mpaka saa kumi, akajaribu breka mara tano, kila mara ikakata kama inavyotakiwa. Chai aliyoandaliwa aliiacha.

Ofisa aliyekuja aliitwa Raymond, mtu mpole, viatu vimejaa tope. Alikuta breka inafanya kazi, ethi mpya, kona haina gunia hata moja. Akaonyeshwa ubao. Akaonyeshwa buti. Aliuliza kama mashine iliwahi kuwa na hitilafu, na Ernesta akasema, "Si sana." Raymond akaandika kwamba ajali ilitokana na mfanyakazi kushika mashine kwa mikono yenye maji, akamsomea, akampa kalamu. Ernesta alitia saini.

Majaliwa aliporudishwa nyumbani, Ernesta hakwenda. Alituma unga, akatuma kuku, akatuma sukari. Kila siku alikuwa na sababu. Siku ya tisa Eliakunda alikuja akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Fadhila amerudisha kuku," alisema. "Ameniambia nikuletee. Yuko nje, nimemfunga kwenye mgomba."

Ernesta alichungulia nje, akamwona.

"Mimi nilikuwepo," Eliakunda aliendelea. "Sote tulijua inang'ata. Nilicheka. Sasa nikikuona unavyopewa pole, na mimi nanyamaza, usiku sipati usingizi. Sijui wewe."

Ernesta alichukua kanga yake akatoka. Kuku alimwacha pale pale.

Fadhila alikuwa anaanua nguo. Aliitikia salamu kwa heshima, kwa kuwa hakulelewa vinginevyo, lakini hakusema karibu. Ernesta aliingia hivyo hivyo. Majaliwa alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa bendeji nyeupe mpaka kwenye kiwiko. Alitaka kusimama.

"Kaa, baba. Kaa."

Alikaa. Mvua ilikuwa imekatika, na kupitia dirisha waliwasikia wanafunzi wakiimba hesabu za kuzidisha. Ernesta alitafuta pa kuanzia.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

Majaliwa alimtazama kama aliyeulizwa kitu rahisi. "Ningesema nini, mama? Ningesema breka imerukwa, mashine ingefungwa. Ikifungwa, mimi nakwenda wapi? Kwenye mkonge na mkono huu?"

Ernesta alikuwa amejiandaa kwa wema. Njia nzima alidhani Majaliwa alimfichia kwa upendo, kwa ile miaka tisa na zile Ijumaa. Kumbe aliogopa kupoteza kazi. Alimwogopa yeye.

"Uongo ule niliupanga mimi kichwani tangu kwenye gari," Majaliwa aliendelea, taratibu, bila hasira. "Sikulaumu kwa huo. Lakini ulisema huwa unaniambia. Hilo sikulitegemea. Mimi ndiye niliyekuwa nakuambia, mama. Mara tatu. Na la magunia, ikawa mara ya nne."

Fadhila alikuwa amesimama mlangoni na nguo mkononi. "Dukani wananiambia nimfundishe mume wangu kukausha mikono," alisema. "Wanacheka. Mtu mzima, wanamwita mzembe, na mimi najua. Alinieleza yote siku ile ile hospitalini, ulipotoka kwenda kununua maji. Nilikuwa nangoja uje."

Ernesta alitaka kupiga magoti, na akajizuia, kwa sababu aliona kwamba angepiga magoti wangelazimika kumwinua, na ingekuwa tena wao ndio wanaomhudumia. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mikono mapajani, uso unawaka.

"Nimekukosea," alisema. "Na nimekusingizia. Nakwenda kulifuta."

"Kwa nani?" Majaliwa aliuliza.

"Kwa wote."

"Usinifutie kwa maneno ya kanisani. Kaanzie pale palipoandikwa."

Kesho yake aliteremka Same. Alimngoja Raymond kwenye benchi la ofisi tangu saa mbili mpaka saa sita. Raymond alimkumbuka.

"Mama, faili lile nimeshalifunga."

"Lifungue, mwanangu. Nilitia saini uongo."

Alimweleza yote, kuanzia Loth, Chande, waya, buti, mpaka magunia. Raymond alimsikiliza, kalamu imesimama. Mara moja alijaribu kumsaidia. "Yaani hukujua hatari yake," alisema, akimwekea njia.

"Nilijua. Fundi aliniambia kwa Kiswahili, akanionyesha kwa kidole."

Aliandika maelezo mapya kwa mkono wake, kurasa mbili. Alipofika kwenye kuvuta magunia alisimama kwa muda mrefu, Raymond akajifanya anatafuta kitu kabatini.

Mashine ilifungwa miezi miwili. Kulikuwa na adhabu, na kulikuwa na fidia ya Majaliwa ambayo maelezo ya kwanza yalikuwa yameitia mashaka. Yote yalishughulikiwa kwa utaratibu wake. Kwa Ernesta hayo hayakuwa magumu. Kigumu kilikuwa Jumapili aliyosimama kwenye matangazo, baada ya ibada, akasema mbele ya usharika kwamba Majaliwa hakuwa mzembe, na akasema mzembe ni nani. Aliomba kupumzika uzee wa kanisa. Mchungaji alikubali haraka kuliko alivyotegemea. Nje hapakuwa na aliyemtukana. Watu walimsalimia, wakauliza habari za nyumbani, wakawa na haraka. Wapo walioona kwamba amejianika bure, jambo lilikuwa limekwisha. Hezroni alipiga simu kutoka Dodoma akisema, "Mama, ungeniuliza kwanza," na Ernesta akasikia katika sauti ya mwanawe aibu ile ile, imesafiri mpaka kule.

Mashine ilipofunguliwa, wateja walirudi pungufu. Kwenye kona ya swichi Loth alipaka sakafu rangi nyekundu, mraba wa hatua moja na nusu, na hakuna kinachowekwa hapo, hata ufagio. Kila Jumatatu Ernesta anabonyeza kitufe cha majaribio cha breka mbele ya Majaliwa kabla ya debe la kwanza. Nondo ya ethi inakaguliwa na Loth kila masika yakikaribia, na Loth siku hizi anakunywa chai.

Majaliwa alirudi kazini, lakini haingii chumbani mashine ikiwa inazunguka. Anakaa nje kwenye kibaraza, anapima, anafunga roba kwa mkono wa kushoto, wa kulia unashikilia. Anayesaga ni Ernesta. Kabla ya kukubali kurudi, Majaliwa aliweka sharti moja: mtu akimuuliza kuhusu mkono, hatajibu yeye, atajibu Ernesta.

Na watu huuliza, hasa wageni. Mwaka jana alipita mnunuzi wa maharage kutoka Gonja, mama mchangamfu, akaleta gunia lake la mahindi kusaga. Alimwona Majaliwa akifunga kamba.

"Pole, kaka. Mkono umefanyaje?"

Majaliwa aliendelea kufunga. Ernesta alizima mashine, akatoka akijipangusa unga.

"Ulikuwa umeme," alisema. "Kulikuwa na hitilafu kidogo, wakati wa mvua."

Mgeni alitikisa kichwa kwa huruma. "Umeme bwana," alianza kusema.

"Sema yote, mama," Majaliwa alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye fundo.

Ernesta alikuwa amelisimulia jambo hilo mara nyingi, na kila mara lilikuwa linajipunguza lenyewe mdomoni, neno hapa, neno pale, hajui lini. Aliketi kwenye kibaraza karibu na mgeni, akaanza upya, tangu siku Loth alipomwita aje auone ule waya.